Jaribio la Biolojia Linapogoma: Dalili, Visababishi na Marekebisho katika Maabara za Pwani ya Tanga

Katika shule za Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, mwalimu wa biolojia wa madarasa ya mwanzo hukutana mara kwa mara na jaribio lisilotoa jibu lililoandikwa kitabuni. Lawama ya kwanza huiangukia hadubini, ya pili huziangukia kemikali, na inayobaki humwangukia mwanafunzi. Mwongozo huu unafuata mpangilio tofauti: kila dalili huchunguzwa kwanza kwenye sampuli, kisha kwenye maji na kemikali, na kifaa huwa cha mwisho kushukiwa. Lipo pia kundi la nne ambalo husahaulika, nalo ni la majaribio ambayo hayakukosea hata kidogo, kwa sababu mmea wenyewe ndivyo ulivyo, au joto la pwani ndilo lililobadili jibu, na mwandishi wa kitabu aliyekuwa katika nchi ya baridi hakuliwazia.

Njia ya kutenganisha visababishi hivi ni moja, nayo ni jaribio linganishi. Anayetafuta wanga katika chakula chochote na aandae neli tatu: ya chakula chenyewe, ya uji mwepesi wa unga wa muhogo, ambao wanga wake hauna ubishi, na ya maji matupu, kisha kila moja itiwe matone ya iodini, kemikali inayougeuza wanga kuwa bluu. Ikiwa uji wa muhogo haukugeuka bluu iliyokoza kuelekea weusi, tatizo ni la iodini. Ikiwa maji matupu yamegeuka, neli au kitonesha kilikuwa na uchafu wa wanga. Ni pale tu neli hizi mbili zinapotoa jibu linalotarajiwa ndipo neli ya chakula inapostahili kusomwa. Mwalimu anayeruka hatua hii ili kuokoa dakika tano hupoteza kipindi kizima akibishana na wanafunzi kuhusu rangi.

Hadubini inaonyesha giza, ukungu au duara tupu

Giza tupu kwa kawaida husababishwa na lenzi ya chini ambayo haikukaa sawasawa mahali pake. Izungushwe taratibu mpaka ilie "tiki". Kama giza linaendelea, ikaguliwe diaframu, yaani tundu linalodhibiti mwanga, kisha kioo cha kuakisi mwanga. Katika hadubini isiyo na kikusanya mwanga, upande wa kioo uliobonyea ndio unaofaa, na pale kikusanya mwanga kipo, hutumika upande ulio bapa. Umeme ukikatika, kioo hicho kielekezwe kwenye anga jeupe nje ya dirisha, kamwe kisielekezwe kwenye jua lenyewe, kwa kuwa mwanga wa jua uliokusanywa na lenzi unaweza kuliunguza jicho kabla mwanafunzi hajahisi maumivu.

Mwanga ukiwapo lakini picha haipatikani, mwanafunzi arudi kwenye lenzi ya x4, aishushe karibu na slaidi huku akitazama kwa ubavuni, kisha aweke jicho na kuipandisha polepole. Wengi huanza na x40 kwa tamaa ya kuona vikubwa, na matokeo yake ni kuvunja kifuniko cha slaidi. Kuna dalili moja ambayo huwachanganya hata wazoefu: picha inaonekana safi kwa x4 na x10, lakini kwa x40 haikubali kabisa. Hapo slaidi imewekwa kichwa chini. Kifuniko cha slaidi kina unene wa takriban milimita 0.17, ilhali slaidi yenyewe ina unene wa karibu milimita 1, na lenzi ya x40 huhitaji kusogea karibu na sampuli kuliko unene huo, kwa hiyo kioo cha slaidi huizuia kufika.

Ukungu unahitaji subira zaidi. Kwanza isogezwe slaidi: uchafu ukisogea nayo, uko kwenye slaidi. Kisha izungushwe lenzi ya jicho: uchafu ukizunguka, uko hapo. Ikiwa picha yote imefifia na hakuna kinachosogea, lenzi ya x40 ndiyo yenye tatizo, na mara nyingi ni iodini au maji yaliyoigusa yakakaukia juu yake. Ipanguswe kwa karatasi ya lenzi, au kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, kikiwa na unyevu kidogo sana wa spiriti. Pindo la shati la sare halifai, kwa kuwa lina vumbi la chokaa ya ubaoni, nalo hukwaruza kioo.

Kisababishi kingine cha ukungu ni kuvu, na huyu ni adui wa pwani hasa. Lenzi ifunguliwe na kumulikwa kwa tochi ya simu kutoka upande wa pili. Kuvu huonekana kama nyuzi nyembamba zenye matawi, zimeanzia ukingoni na kuelekea katikati, na hazifutiki kwa sababu mara nyingi zimeota upande wa ndani. Zikiachwa muda mrefu, kemikali zinazotolewa na kuvu hula uso wa kioo, na hapo lenzi haina tiba. Chanzo chake ni kuifungia hadubini katika kasha la mbao au mfuko wa plastiki wakati wa masika, unyevu ukiwa ndani. Mazoea ya kuweka mchele ndani ya kasha siyaungi mkono, kwani mchele huacha vumbi la unga, na unga ni chakula cha kuvu. Vipakiti vya silika vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu vinafaa zaidi, ilimradi vikaushwe kwa moto mdogo mara kwa mara. Shule yenye umeme inaweza kuacha balbu ndogo inayotoa joto ikiwaka ndani ya kabati, na hiyo peke yake hutosha kukinga lenzi zote.

Miduara yenye kingo nyeusi, na seli zisizo na "vitu vyake"

Mwanafunzi anapochora miduara kamili yenye ukingo mweusi mnene na kuiita seli, amechora mapovu ya hewa. Povu halina kiini, ukingo wake ni mweusi kupita kiasi, na ukibonyeza kifuniko kidogo hubadili umbo au hukimbia. Dawa yake ni kukishusha kifuniko kwa mshazari, ukingo mmoja ukitangulia kugusa tone la maji, badala ya kukidondosha bapa.

Sampuli nene ni kisababishi kikubwa kuliko vyote katika sehemu hii. Tabaka la kitunguu linalotakiwa si gamba jekundu la nje, wala si kipande kilichokatwa kwa wembe. Livunjwe gamba moja nene la ndani kwa kulikunja kuelekea upande wake wa nje. Kwenye mpasuko, upande wa ndani, huning'inia ngozi laini inayopitisha mwanga, nayo huvutwa kwa kibano na kutandazwa ndani ya tone la maji lililokwisha kuwekwa kwenye slaidi. Ikitandazwa kwenye slaidi kavu, hujikunja na kujishikiza, na kuikunjua ni kuichana. Tone moja la iodini hupenyezwa pembeni mwa kifuniko huku kipande cha karatasi laini kikifyonza maji upande wa pili, na baada ya dakika chache kiini cha kila seli huonekana kikiwa na rangi ya njano iliyoelekea kahawia. Katika joto la mchana wa Tanga slaidi hukauka upesi, hivyo tone jingine la maji liongezwe pembeni kabla kingo hazijaanza kujaa hewa.

Baada ya yote hayo, huja malalamiko kwamba kloroplasti, zile chembe za kijani zinazofanya usanisinuru, hazionekani. Hazipo. Kitunguu hukaa ardhini na tabaka lile halifanyi usanisinuru, kwa hiyo anayetaka kloroplasti atafute mwani wa kijani kwenye mtaro au jani changa la mmea wa majini. Malalamiko kwamba ribosomu, chembe zinazotengeneza protini, hazionekani yana jibu tofauti: hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko takriban mikromita 0.2, na ribosomu ni ndogo kuliko hapo kwa mbali. Mchoro wa kitabu ulitokana na hadubini ya elektroni, na mwanafunzi anayechora ribosomu baada ya kutazama kitunguu amenakili kitabu, jambo ambalo mtahini huligundua mara moja.

Makosa ya vipimo hupatikana kwa hesabu ndogo. Lenzi ya jicho ya x10 pamoja na lenzi ya x4 hukuza mara 40. Rula ya plastiki inayopitisha mwanga ikiwekwa jukwaani, upana wa duara linaloonekana husomwa moja kwa moja. Tuseme ni milimita 4.5. Kwa lenzi ya x40, ambayo pamoja na ile ya jicho hukuza mara 400, duara hilo hupungua mara kumi na kuwa milimita 0.45. Mwanafunzi akidai kuwa seli ya shavu lake, ambayo kwa kawaida ina upana wa mikromita zipatazo 60, imejaza duara zima kwa ukuzaji huo, basi alichokiona ni kitu kingine.

Osmosisi: kiazi kimekataa kuvimba

Hapa ndipo maji ya pwani yanapojitokeza. Vipande vya kiazi mviringo, ambacho kwa sehemu kubwa huletwa mjini kutoka Lushoto, huwekwa kwenye maji matupu na kwenye maji ya chumvi, hupimwa uzito kabla na baada, na kitabu hutabiri kwamba vya kwanza vitaongezeka na vya pili vitapungua. Vya pili hupungua bila kusita. Vya kwanza ndivyo vinavyoleta shida: vimeongezeka kidogo mno, au havikuongezeka.

Kiazi chenyewe kishukiwe kwanza. Kiazi kilichokaa muda mrefu sokoni kikalegea huongezeka sana, na kilichochipua kimeshageuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, hivyo viazi viwili tofauti havilinganishwi katika jaribio moja. Vipande vyote vitoke kwenye kiazi kimoja. Upimaji ufuate. Vipande visipokaushwa kwa karatasi kwa namna ileile kabla ya kila upimaji, matone ya maji juu yake hutosha kufuta tofauti inayotafutwa. Muda nao usipungue nusu saa.

Yote hayo yakiwa sawa, yaonjwe maji kwenye chanzo chake, kabla hayajaingia maabara. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na mwalimu anayeyaita "maji matupu" ameanza jaribio akiwa tayari na mmumunyo. Osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli, husukumwa na tofauti ya ukolezi kati ya ndani na nje ya utando wa seli, na chumvi ya kisimani huipunguza tofauti hiyo kabla kiazi hakijatumbukizwa. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na manyunyu ya kwanza yanafaa sana. Yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi cha ofisi ni mvuke uliopoa, nayo yanafaa pia. Maji ya betri yanayouzwa madukani ni safi, lakini tahadhari ichukuliwe: katika duka hilohilo hupatikana asidi ya betri, na chupa zake huweza kufanana, kwa hiyo kila chupa ipimwe kwa litimasi, karatasi ambayo asidi huigeuza nyekundu, kabla ya kuguswa.

Bahari hiyo hiyo, kwa upande mwingine, ni msaada wa bure. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, kiasi kinachotosha kabisa kuzinyang'anya seli maji yake. Tone la maji yaliyochotwa Raskazone likipenyezwa chini ya kifuniko chenye ngozi ya kitunguu chekundu, utando wa seli huonekana ukijitenga na ukuta, na utomvu wenye rangi ya zambarau hukusanyika katikati ya kila chumba. Maji ya mvua yakipitishwa baadaye, seli nyingi hurudi hali yake. Zisiporudi, zimekufa, mara nyingi kwa kuachwa muda mrefu kwenye chumvi. Kwa macho matupu, kikonyo cha jani la mpapai kilichopasuliwa vipande vya urefu huonyesha jambo hilohilo: kwenye maji safi hujikunja kuelekea nje, kwa sababu upande wa ndani ulio laini huvimba ilhali ngozi ya nje haikubali kutanuka. Kikonyo kilichokatwa jana na kunyauka kisitumike kabisa.

Wanga haupatikani pale unapotakiwa kuwapo

Iodini iliyopauka hutupwa. Ihifadhiwe kwenye chupa ya kahawia, gizani. Pale ya maabara inapokosekana, povidoni-iodini ya duka la dawa, ikiongezwa maji mpaka ifikie rangi ya chai ya rangi, huleta bluu iliyokoza kwenye wanga bila tatizo. Iodini ikitiwa kwenye neli iliyotoka jikoni sasa hivi, rangi ya bluu haitatokea, au itatokea na kutoweka, na neli ikipoa itarudi.

Dalili ya ajabu zaidi hutokea kwa maji ya machungwa, na Muheza haikosi machungwa. Iodini ikidondoshwa ndani yake, hata ile rangi yake ya kahawia hutoweka. Huo si ushahidi kwamba wanga haupo. Vitamini C imeigeuza iodini kabla haijaukuta wanga. Jibu la kweli la "hakuna wanga" huiacha kahawia ya iodini ikiwa mahali pake, kwa hiyo neli isiyo na rangi yoyote isomwe kuwa jaribio lililovunjika.

Kwenye majani, kwanza iulizwe saa ya kuchuma. Jani lililochumwa alfajiri limeshatumia sehemu kubwa ya wanga wake usiku, ilhali la saa tisa alasiri lina akiba ya kutosha. Kinyume chake, sehemu ya jani iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini ili isipate mwanga ikitoa wanga, mmea haukukaa gizani vya kutosha kabla ya jaribio. Saa 24 ni chache kwa baadhi ya mimea, na 48 ni salama zaidi. Jani likibaki kijani baada ya kuchemshwa kwenye spiriti, spiriti ni hafifu au maji yanayoizunguka yamepoa. Moto uzimwe kabla spiriti haijafunguliwa, kisha bika yake itumbukizwe kwenye maji yaliyokwisha kuchemka. Spiriti huchemka kwenye nyuzi zipatazo 78, hivyo maji ya moto yanatosha bila moto wa wazi.

Jani la kitunguu halitatoa wanga hata likichumwa saa tisa na kuchemshwa ipasavyo, kwa sababu huhifadhi sukari badala ya wanga. Mwalimu anayetaka jibu la hakika atumie kisamvu au jani la hibiskasi.

Sukari, protini na mafuta kwa ufupi

Sukari ya mezani haibadili mmumunyo wa Benedict, kemikali ya bluu inayobadilika rangi ikichemshwa na sukari kama glukosi, na bluu inayobaki ni jibu sahihi. Ichemshwe kwanza na asidi hafifu ya haidrokloriki ili ivunjike kuwa glukosi na fruktosi, kisha itiwe magadi ya kuokea mikate mpaka povu likome, kwa kuwa Benedict haifanyi kazi kwenye asidi. Hatua hii ya magadi ndiyo inayorukwa zaidi. Maji ya miwa huweza kutoa rangi bila hatua hizo, kwani yana glukosi kidogo ya asili. Ndizi mbichi na mbivu kutoka mkungu mmoja zitoe majibu yanayopingana, wanga kwa mbichi na sukari kwa mbivu. Katika jaribio la protini, bluu ya salfeti ya kopa iliyozidishwa hufunika zambarau inayoonyesha protini, kwa hiyo matone mawili au matatu ya mmumunyo wa asilimia 1 yanatosha. Kwa mafuta, tui la nazi lisipimwe kwa njia ya spiriti na maji, kwani limeshakuwa jeupe kabla ya kuanza na hakuna weupe mpya wa kusoma. Lipakwe kwenye karatasi, liachwe likauke kabisa, na doa linalopitisha mwanga ndilo jibu.

Mate na joto la chumba

Kitabu husema kwamba mate kwenye maji ya nyuzi 37 humaliza wanga haraka, na yaliyoachwa mezani kwenye joto la chumba huchelewa. Mezani Tanga, mchana wa Februari, joto hupita nyuzi 30, na neli mbili humaliza karibu pamoja. Wanafunzi huambiwa wamekosea, kumbe hawakukosea. Chumba cha kitabu kilikuwa na nyuzi 20. Neli ya kulinganisha iwekwe kwenye barafu inayopatikana kwa wauza samaki, na tofauti itakuwa dhahiri. Neli ya tatu iwe na mate yaliyochemshwa, ambayo hayatameng'enya chochote hata yakirudishwa kwenye nyuzi 37, kwa kuwa kimeng'enya, yaani kile kilicho ndani ya mate kinachovunja wanga, kikishaharibiwa na moto hakirudi. Wanga ukikataa kwisha katika neli zote, mate yalichanganywa na maji mengi mno, au mhusika alitoka kula ndimu au ukwaju, na uchachu umekipunguza nguvu kimeng'enya.

Maji ya chokaa hayageuki meupe

Hamira iliyotiwa kwenye maji vuguvugu yenye sukari hutoa kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo hupitishwa kwenye maji ya chokaa. Yasipogeuka, hamira ijaribiwe kwanza kwenye bakuli wazi. Ikitoa povu, iko hai. Kisha chokaa. Chokaa ya pwani, inayochomwa kutokana na mawe ya matumbawe, hufaa ikiwa mpya, ikikorogwa kwenye maji na kuachwa itulie usiku kucha ili maji maangavu ya juu yamiminwe. Chokaa iliyokaa wazi miezi mingi imeshafyonza kaboni dayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa kama jiwe, hivyo haina kilichobaki cha kuonyesha. Maji yakigeuka meupe kisha yakawa maangavu tena, gesi imezidi. Jibu lilikuwa lile la kwanza.

Stomata zimefungwa, au hazipo

Rangi ya kucha isiyo na rangi hupakwa kwenye jani, hukaushwa, huvuliwa kwa utepe wa gundi na kuwekwa kwenye slaidi. Isipoonyesha stomata, yaani vitundu vya jani vya kupitishia hewa, uulizwe upande uliopakwa. Mwembe una stomata upande wa chini pekee, na yungiyungi, ambaye jani lake huelea, anazo upande wa juu. Alama yenye mawingu imetokana na jani lenye umande au rangi iliyovuliwa ikiwa mbichi.

Mkonge ni kesi ya peke yake, na kwa kuwa umeuzunguka mji, wanafunzi huuleta maabara bila kuagizwa. Mmea huu, ulioletwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, mwaka 1893 kutoka Florida, asili yake ni nchi kavu za Meksiko, nao hufungua stomata usiku na kuzifunga mchana ili usipoteze maji. Slaidi ya saa nne asubuhi inayoonyesha stomata zilizofungwa haina kasoro. Darasa linalotaka kuona tofauti lipake mmea mmoja mara mbili, mchana na baada ya saa tatu usiku, na kazi hiyo ya usiku wapewe wanafunzi wa bweni.